Mbwa Aliyemfuata Wanjala

Lakica hakuwa mtu wa mbwa. Hilo ni vizuri lisemwe mapema, maana watu wa Luzira, hapa Kampala, wanaomwona leo akiteremka kuelekea Port Bell na kamba mbili mkononi hudhani alizaliwa nao. Kwao Pader, kaskazini mwa Uganda, mbwa alilala nje, akala kilichobaki, na mtu mzima hakuonekana akimsemesha. Alipoolewa na Odyek, askari polisi, akahama naye kambi hadi kambi, mbwa wa polisi aliwaona kwa mbali tu, na umbali huo ulimtosha. Odyek alipofariki, na binti yao Alal akawa ameshaolewa Gulu, Lakica aliomba kazi katika kampuni moja ya ulinzi. Siku ya kupangiwa kazi, waliokuwa mbele yake walichukua mageti yote mazuri. Kilichobaki kilikuwa ghala la saruji, zamu ya usiku, na mbwa mmoja.

Mbwa huyo aliitwa Sajini. Alikuwa dume kubwa lenye mgongo mweusi, na alifunzwa kwa Kiswahili cha polisi: kaa, lala, nyuma, twende. Lakica naye Kiswahili chake alikiokota kambini, kwa hiyo walielewana. Walilinda ghala lile miaka kadhaa. Hakusema hata siku moja kwamba anampenda. Alimzoea tu, kama mtu anavyomzoea mwenzake wa kazini asiye na maneno mengi.

Kisha Sajini akaanza kugonga vitu. Kwanza ndoo, halafu mlango ambao siku zote huwa wazi na siku hiyo ulikuwa umefungwa, mwishowe gurudumu la lori lililoegeshwa. Daktari wa mifugo aliyeitwa na kampuni alimmulika tochi machoni, akasema yamekufa kwa ndani, dawa hakuna. Msimamizi akasema basi, achomwe sindano apumzike. Lakica alikuwa amesimama kando ameshika kamba. Akasikia mtu akisema, "Nipeni mimi." Wote wakamgeukia, na ndipo alipotambua kwamba aliyesema alikuwa yeye mwenyewe.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiuliza amefanya nini. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga na ua mdogo aliochangia na jirani yake Nabangala, mama Mkenya kutoka Bungoma aliyekuwa akiuza mitumba sokoni. Je, ilikuwa huruma? Angeweza kuwahurumia watu wengi kabla ya kumfikia mbwa. Alimpigia Alal simu kumweleza. Alal akauliza kama mama yake anakula vizuri siku hizi.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wiki ya kwanza Lakica alifagia chumba, akasogeza kitanda upande wa dirisha na meza upande wa mlango, akafurahia nafasi iliyopatikana. Sajini aliingia, akagonga meza, akarudi nyuma, akagonga kitanda. Baada ya hapo alisimama katikati ya chumba na kukataa kwenda popote, akitetemeka miguu, mpaka Lakica alipokirudisha kila kitu mahali pake. Tangu siku hiyo hajahamisha hata stuli. Alijifunza pia kwamba hawezi kumgusa bila kumwambia kwanza, maana mara moja alimpapasa akiwa usingizini na meno yakapita karibu kabisa na vidole. Kwa hiyo akawa anasema. Alisema akiingia, akitoka, akichota maji, akikoroga ugali wa posho na mukene, wale dagaa wa ziwani, chakula walichokula wote wawili. Wapangaji wa upande wa pili waliambiana kwamba mjane wa Odyek ameanza kuongea peke yake. Alipoyasikia hayo hakujua akasirike au akubali. Kweli alikuwa anaongea, na kweli hakukuwa na mtu.

Mbwa wa pili aliletwa na Nabangala. Alimkuta kando ya reli inayoshuka bandarini, jike jembamba la rangi ya mchanga, macho meupe kama maziwa, amejilaza karibu na chuma hadi ikaonekana anangoja kukatwa na treni. Nabangala alimfunga kwa leso, akamburuta hadi uani.

"Mama Alal," akasema, akihema, "huyu naye haoni. Nimeona wewe ndiye mwenye kazi hii."

Lakica alitaka kusema kwamba hana kazi yoyote ya namna hiyo, kwamba mmoja ni ajali na wawili ni wazimu. Lakini jike lile lilikuwa limekwisha kumkuta Sajini, na Sajini, aliyewahi kumrarua mwizi suruali, alikuwa amelala chali. Walipompeleka kwa daktari wa mifugo, daktari aliuliza jina la mbwa. Lakica akajibu, "Sijui." Daktari akaandika hivyo kwenye kadi ya chanjo, na siku ya pili alipofika akaita, "Haya, Sijui yuko wapi?" Jina likabaki hilo hilo.

Sijui hakuelewa kaa wala nyuma. Lakica akajaribu Kiluganda, hakuna kitu. Siku moja alichoka akamwita kwa Kiacholi, kama anavyoitwa mtoto aje, "Bin!" Mbwa akainua masikio, akaja moja kwa moja. Hilo lilimshangaza Lakica sana. Ni nani hapa bandarini aliyekuwa akimsemesha mbwa kwa lugha ya kwao? Alimwuliza kila Mwacholi anayemjua, hata wale wa kambi ya magereza, na hakuna aliyewahi kupotelewa na mbwa.

Akamfunga Sijui kengele ndogo shingoni, ili Sajini ajue mwenzake yuko wapi. Kila asubuhi akirudi kutoka kazini, kabla hajalala, aliwachukua wote wawili kuwatembeza kuelekea ziwani. Sijui mbele akiliza kengele, Sajini nyuma akifuata mlio, na Lakica katikati akiwatangazia mashimo.

Ilikuwa katika matembezi hayo ndipo jambo lenyewe lilipotokea. Karibu na geti la bandari, mahali mabehewa ya mizigo yanaposubiri kuingizwa kwenye feri, wafanyakazi walikuwa wakiingia zamu. Sijui alisimama ghafla. Pua juu. Kisha akavuta kamba kwa nguvu ambayo Lakica hakujua anayo, akakata kundi la watu, akafika kwa mwanamume mmoja mnene kidogo aliyevaa koti zito la buluu, akaketi juu ya buti zake. Aliketi hasa, akauegemeza mgongo kwenye miguu ya yule mtu na kufumba macho.

Yule mtu alitazama chini, akamtazama Lakica. Akasema kwa upole kwamba mbwa amekosea.

Lakica aliomba radhi na kumvuta. Kesho yake Sijui akafanya vile vile, kwa mtu yule yule. Na siku iliyofuata pia. Wenzake yule mtu wakaanza kucheka, wakimwambia amtambulishe mke wake mdogo. Lakica alirudi nyumbani akiwa na wazo lililokuwa likikua kila hatua: mtu huyu alikuwa na mbwa, mbwa akapofuka, akamtupa relini. Sasa anaona aibu. Hakukuwa na maelezo mengine. Mbwa asiyeona hawezi kuchagua mtu mmoja kati ya watu mia bila sababu.

Siku iliyofuata alimvizia kando ya geti, akiwa bado na sare ya ulinzi, ili maneno yapate uzito.

"Hii mbwa inakujua," akamwambia. "Wewe ndiye ulimtupa."

Mwanamume alikunja uso. "Afande, mimi naitwa Sylvanus Wanjala. Nafunga mabehewa kwa minyororo humu ndani ya feri. Sijawahi kufuga mbwa maisha yangu yote. Mke wangu akiona mbwa anapanda juu ya kiti."

"Kila mtu anasema hivyo akishatupa."

"Uliza hawa."

Aliwauliza. Msimamizi wa zamu, wenzake, mwanamke anayewauzia chai, wote walisema Wanjala hana mbwa na hajawahi kuwa naye. Mwanamke wa chai alimjua tangu alipotoka Webuye, kule Kenya. Lakica alisikiliza, na wakati wote huo Sijui ameketi juu ya buti za Wanjala amefumba macho, kama mtu aliyefika kwake. Wanjala alikuwa ameumia. Alisema neno moja tu zaidi, kwamba mtu si vizuri kuitwa katili mbele ya watu anaofanya nao kazi. Kisha akainua mguu mmoja, taratibu, halafu wa pili, akaingia kazini kule kwenye mabehewa, na Sijui akabaki ameketi pale ambapo buti zilikuwa.

Lakica hakulala siku hiyo mchana, ingawa alikuwa amekesha. Kama Wanjala alikuwa mwongo, basi wote pale walikuwa waongo, hata mama wa chai. Kama alikuwa mkweli, mbwa ndiye mwongo. Na mbwa anadanganya vipi? Jioni, kabla ya kwenda zamu, alimweleza Nabangala, aliyekuwa uani akikunja mashati ya kupeleka sokoni.

"Wanjala Sylvanus? Huyo ni mtu wetu," Nabangala akasema. "Hawezi. Mimi ndiye ninayemvisha. Hata lile koti la buluu..."

Akaacha kukunja. Shati likabaki linaning'inia mkononi.

"Lile koti nini?" Lakica akauliza.

Nabangala aliketi. Akaeleza kwamba kulikuwa na Mkenya mwingine, Mjaluo aitwaye Oyugi, aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo bandarini na kuishi peke yake upande wa chini wa reli. Aliugua kifua akafariki. Wakenya wa Luzira walishirikiana kuusafirisha mwili hadi kwao Siaya, na Nabangala alikuwa mmoja wa waliohangaika. Ndugu zake walipokuja walimwachia nguo za marehemu kama shukrani, wakasema hawana pa kuzibebea. Naye akazichanganya na mitumba mingine. Koti lile la buluu lilikuwa la Oyugi. Chumbani kwake hakuwahi kufika, na habari ya mbwa hakuwahi kuisikia.

Asubuhi iliyofuata wote wawili walishuka hadi alikokuwa akipanga Oyugi. Jirani wa marehemu, mama mmoja aitwaye Filda, aliwaona na kamba mkononi, akamtazama Sijui, akaweka chini beseni la nguo. Akawaambia huyo ndiye. Oyugi alimlea tangu akiwa mdogo, na macho yalipoanza kuharibika alimfundisha kutembea akigusa pindo la suruali yake, hata akawa anamsindikiza hadi relini usiku akienda kazini na kumngoja hapo. Alimsemesha Kijaluo siku nzima. Oyugi alipopelekwa hospitali mbwa alibaki mlangoni, na chumba kilipopewa mtu mwingine akaenda kungoja relini. Filda alimwekea chakula mara mbili tatu, kisha hakumwona tena.

Kwa hiyo ndiyo hiyo. Lile "bin" la Kiacholi lilikuwa limekaribiana tu na "bi", njoo ya Kijaluo ya Oyugi, na koti lilibeba harufu yake. Lakica alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, halafu mara moja akajisikia vibaya, maana alikuwa na deni la kumwomba mtu radhi.

Alimwomba pale pale getini, mbele ya wale wale waliosikia maneno ya kwanza. Wanjala alisikiliza hadi mwisho. Habari ya Oyugi ilimgusa zaidi kuliko ile radhi. Walifanya kazi feri moja lakini zamu tofauti, alimjua kwa sura. Akalishika koti kifuani kwa vidole viwili, kana kwamba limekuwa la moto.

"Nimekuwa nikitembea na mtu mgongoni," akasema, "na sikujua."

Jumapili baada ya ibada Wanjala alikuja mwenyewe hadi kwa Lakica, amelikunja koti na kulitia kwenye mfuko wa nailoni. Alivaa shati jeupe la kanisani. Hakutaka kulirudisha kwa Nabangala, wala hakutaka kulivaa tena. Alisema koti ni la mbwa, alalie. Walilitandaza uani kwenye jua. Nabangala alikuwepo, amejifunika kanga, na Lakica alimleta Sijui polepole, akimwambia kuna zawadi. Kila mmoja alijua kitakachotokea. Nabangala alikuwa tayari ameanza kulengwalengwa na machozi.

Sijui alilikuta koti kwa pua. Alilinusa kuanzia kwenye ukosi, akashuka kwenye vifungo, akaingiza pua ndani ya mkono mmoja, akaitoa, akaingiza ndani ya mwingine. Alichukua muda wake. Kisha akalikanyaga, akapita juu yake, kengele ikilia, hadi kwenye jiwe alilokuwa ameketi Wanjala na shati lake jeupe, akaweka kidevu juu ya goti lake.

Sajini ndiye aliyekuja nyuma akifuata kengele, akajikwaa kwenye koti, akalizunguka mara mbili, akalala juu yake.

"Sasa hii ni nini?" Lakica akauliza.

Wanjala alikuwa ameinua mikono yote miwili hewani, kama mtu anayepekuliwa. "Afande, nakuapia, sina chochote cha Oyugi tena. Hata soksi."

Walijaribu kulielewa jambo lile kwa kila njia. Nabangala alisema ni Mungu, halafu akasema labda harufu ya koti ilikwisha kumwingia Wanjala mwilini. Wanjala alidhani ni grisi ya minyororo, maana haitoki hata kwa sabuni. Lakini Lakica alimkumbusha kwamba wafunga minyororo wote wananuka grisi hiyo. Daktari wa mifugo, alipoulizwa baadaye, alisema yawezekana ilianza na koti, na kwamba mbwa akishamzoea mtu hahitaji tena sababu ya kwanza. Lakica aliondoka pale akiona ameambiwa kitu cha maana na hajui ni kipi. Mbwa alikuwa ameketi na Wanjala asubuhi chache tu. Yeye, Lakica, alimtibu upele, alimtoa kupe masikioni, alimsagia mifupa wakati fizi zinauma. Kama ni kuzoea, mbona hakuzoewa yeye?

Hilo la mwisho hakumwambia mtu. Lilimtia aibu hata yeye mwenyewe. Mwanamke wa umri wake, aliyezika mume na kuozesha binti, analala mchana akiwaza mbwa anampenda nani. Wakati mwingine alimwita Sijui uani bila sababu yoyote, aone kama atakuja. Alikuja kila mara, akatikisa mkia. Lakini hakuwahi kuketi juu ya miguu yake.

Wanjala naye alikuwa amevurugika kwa namna yake. Alikuwa mtu asiyehitaji mbwa, na sasa alijikuta akifika getini mapema, akitazama juu barabarani. Mkewe Loice aliambiwa na watu kwamba mumewe anakutana na mwanamke wa kampuni ya ulinzi kila asubuhi. Siku moja alikuja kuhakikisha, amejifunga leso kiunoni tayari kwa lolote. Alimkuta mumewe amechutama, anamweleza mbwa kipofu habari za feri iliyochelewa kutoka Mwanza. Loice alirudi nyuma hadi kwenye banda la chai. Alisema kutoka huko kwamba afadhali angekuwa mwanamke, kwa mwanamke yeye angejua la kusema.

Nyumbani Loice alikataa mbwa, na hilo hakuna aliyemlaumu. Ndipo Wanjala alipomwomba Lakica jambo ambalo alikuwa amelizunguka kwa muda mrefu: kama Sijui anaweza kushinda naye pale bandarini, kwenye kivuli cha ofisi ya zamu. Msimamizi amekubali, na mama wa chai atamwekea maji.

Lakica alimwambia atafikiri. Alifikiri kwa siku kadhaa na hakufika popote. Akimkatalia, itakuwa kwa ajili ya mbwa au kwa ajili ya wivu wake? Akikubali, Sajini atafuata kengele ipi? Alimpigia Alal. Safari hii Alal hakuuliza habari ya chakula. Alimwuliza mama yake anataka nini yeye mwenyewe, na Lakica akasema atampigia tena, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa hivyo.

Mwishowe alimfundisha Wanjala. Alimwonyesha jinsi ya kusema kwanza ndipo aguse, jinsi ya kumwambia "shimo" na "ngazi", jinsi ya kuweka bakuli mahali pamoja siku zote, na kwamba behewa likianza kusogea lazima awe amefungwa. Wanjala alikosea mengi na akarudia. Kiacholi kilimshinda kabisa, kwa hiyo anamwita kwa Kibukusu, lugha ya kwao, na Sijui anaitika, jambo ambalo Lakica ameacha kujaribu kulieleza.

Kengele ya pili ilinunuliwa, akaifunga Lakica kwenye kifundo chake cha mguu, ili Sajini awe na cha kufuata. Watu wa Luzira wanaomsikia akipita wanadhani ni dawa ya mganga.

Hivyo ndivyo ilivyo sasa. Asubuhi wanashuka watatu. Getini Sijui anavuta kamba, Wanjala anatoka kati ya wenzake akifuta mikono kwenye suruali, wanasalimiana, kamba inabadilisha mikono. Alasiri, kabla ya zamu yake, Lakica anakwenda kumchukua, na Sijui anakuja bila ubishi, analala chumbani kwake palepale ubavuni mwa Sajini kama aliyekuwa hapo siku zote. Asubuhi kamba inapomtoka mkononi, kuna kitu kinachomchoma Lakica, na papo hapo kuna kitu kinachomfurahisha, na hajaweza kuvitenganisha. Huwa anasimama kidogo akimtazama Wanjala akiondoka, na yule mbwa anayegusa pindo la suruali yake kwa pua. Halafu Sajini anamwegemea pajani kwa uzito wake wote, amechoka kusimama. Lakica anamwambia, "Twende, kuna shimo kulia," na wanaanza kupanda mlima kurudi nyumbani kulala.